Vielezi Juu ya Majani Makavu

Mimi si mtu wa kutoka. Mtaa mzima hapa Ujiji unajua: ukinitaka, njoo nyumbani, utanikuta nyuma ya cherehani, mgongo kwa mlango, kikombe cha chai upande mmoja na mkasi upande wa pili. Ziwa liko hapo chini tu, harufu ya dagaa wakianikwa inaniingilia mpaka kwenye nguo za wateja, lakini mimi huliona zaidi kwenye kalenda ya ukutani. Dada yangu, ambaye nilimtangulia kuzaliwa na yeye akanitangulia katika kila kitu kingine, alikuwa akiwaambia wateja wangu, "Kaka yangu mpimeni akiwa amekaa. Akisimama atasahau alikuwa anakwenda wapi." Aliniita kabati la mama. Ukilihamisha, linavunjika miguu.

Yeye alikuwa kinyume changu. Alivuka ziwa kwenda Kongo na sabuni na mabeseni ya plastiki, akarudi na vitenge na mawese. Alitembea haraka haraka, hatua fupi fupi, kisha ghafla anasimama, anafungua kanga kiunoni, anaikaza upya, anaendelea. Kanga yake haikupata kutulia. Nilijitolea kumshonea lastiki, bure, na mimi si mtu wa kutoa vitu bure. Akaniambia mwanamke wa lastiki ni mwanamke aliyekata tamaa.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha alivuka tena. Akamwacha binti yake kwangu kama kawaida, na masufuria mawili ya maagizo. Binti alikuwa kidato cha pili, mrefu, mkimya, mwenye macho ya kukuangalia mpaka ukajikuta unaeleza jambo ambalo hujaulizwa.

Nyumba yetu ina sheria moja aliyotuachia bibi yetu, aliyetoka upande wa pili wa ziwa akiwa msichana. Msafiri akitoka, njia aliyopita haifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia mapema umefuta nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi vipi? Zamani, nasikia, watu walikaa na uchafu mlangoni wiki nzima wakingoja habari. Siku hizi kuna simu. Dada alikuwa akipiga akishashuka tu: "Nimefika, fagieni, msije mkaliwa na siafu." Na mimi, kwa kuwa sheria hii inaniondolea kazi, niliiheshimu kuliko mtu yeyote katika ukoo.

Safari hiyo simu haikulia. Tukampigia, haipatikani. Binti alikwenda mwaloni Kibirizi, maboti yanakotia nanga, kuulizia, maana mjomba wake ni kabati. Walimwambia boti lilifika salama, mama yako tulimwona akishuka, akapanda mtumbwi mwingine wa injini kwenda vijiji vya kusini kutafuta mawese. Huo mtumbwi wa pili ndio hakuna aliyeujua. Hakuna aliyesema umezama. Hakuna aliyesema umefika. Haukuonekana tu tena, kama mtu aliyetoka chumbani huku wengine wakiongea.

Basi hatukufagia.

Mbele ya nyumba kuna mti mkubwa wa mkungu. Mvua zilipokwisha na kiangazi kikaanza kukausha kila kitu, mkungu ukaangusha majani yake, yale mapana mekundu yanayokauka yakawa kama karatasi za kaki. Yalijaa njiani kuanzia barabarani mpaka kwenye kizingiti. Jirani yetu, mama wa Kiha anayeuza mihogo, alikuwa akipita asubuhi na kunisalimia kwa lugha yake, "Mwakeye, fundi. Naona unafuga nyoka." Nikamjibu nafuga, na kwamba wakikomaa nitamuuzia kwa bei ya jirani. Akacheka, lakini alikuwa hapiti juu ya majani. Alizunguka pembeni, kwenye mtaro.

Sasa nieleze jinsi Kiingereza kilivyoingia humu.

Nilimaliza kidato cha nne. Kwenye Kiingereza nilipata alama ambayo mwalimu wangu aliitangaza kwa sauti ya msiba. Niliandika "fastly" kwenye insha, mara kadhaa, kwa kujiamini. Lakini kwa binti wa dada yangu mimi ndiye msomi wa nyumba, na cheo hicho sikukikataa. Jioni moja akaja na kazi ya shule: vielezi. Akakaa kwenye mkeka, akaniuliza ni nini hasa.

"Ni maneno yanayosema kitu kimefanyika namna gani," nikamwambia, nikiwa na pini mdomoni, kitu kinachompa mtu yeyote sura ya profesa. "Kitenzi kinasema mtu ametembea. Kielezi kinasema ametembea vipi. Polepole, 'slowly'. Kwa hasira, 'angrily'. Mengi yana mkia wa '-ly'. Mengine hayana, usiyalazimishe. 'Fast' ni 'fast', haivai kitu."

"Unajuaje haivai?"

"Niliivalisha. Nikaona yaliyonipata."

Mwalimu wao alikuwa amewapa sentensi za kutunga. Kila sentensi iwe na namna, mahali na wakati, kwa mpangilio huo. Ametembea vipi, wapi, lini. Binti alitunga za mbuzi, za mpira, za mwalimu mwenyewe. Ya mwisho ilikuwa ya mama yake. Aliandika kwamba mama yake alikwenda haraka upande wa Kongo, na alipofika kwenye neno la wakati akaacha nafasi wazi.

"Andika lini aliondoka," nikamwambia. "Mwezi ule."

"Sitaki lini aliondoka. Nataka lini anarudi."

Nikarudi kwenye cherehani. Kuna maswali ambayo cherehani imewekwa duniani kwa ajili ya kuyafunika.

Siku chache baadaye akaja na mchezo. Alisema atavikariri vielezi vya mtihani kwa njia hiyo: yeye anatoka nje, anatembea juu ya majani kuelekea mlangoni kwa namna fulani, na mimi, bila kugeuka, nasema kielezi kwa Kiingereza. Nilikubali, kwa sababu katika mchezo huu kazi yangu ilikuwa kukaa.

Na kweli yalisema, yale majani. Sijui kama umewahi kumsikiliza mtu kwa miguu tu. Akija kwa kunyata, majani yalilia moja moja, kama mtu anayekunja barua. "Carefully," nikasema. Akija kwa hasira yalipasuka. "Angrily." Akaja kama mlevi, nikacheka mpaka uzi ukakatika, nikakosa neno la Kiingereza la mlevi, nikasema "like your grandfather", akasema hicho si kielezi. Tukawa tunacheza kila siku baada ya alasiri, jua likiwa bado linapiga ukutani. Nilianza kuungojea mchezo ule. Usimwambie mtu.

Siku moja nilikuwa natia upindo kwenye sare za shule. Binti alikuwa amesema, "Mjomba, natoka." Nikasimamisha cherehani, nikainamisha kichwa, nikasikiliza.

Hatua zikaja kutoka barabarani. Fupi fupi, za haraka, kisigino hakikai chini. "Quickly," nikasema. Zikaja mpaka chini ya mkungu zikasimama. Kisha nikasikia nguo, ule mlio wa kanga ikikung'utwa mara moja na kukazwa. Ninashona nguo maisha yangu yote, mlio wa pamba naujua kama wengine wanavyojua sauti za watoto wao.

Nikatabasamu. Nikaona amemwiga mama yake kupita kiasi, na kwamba nimkanye kidogo, lakini kwa upole.

"Umempata mama yako vizuri," nikasema bila kugeuka. "Sasa ingia."

"Mjomba," sauti ikajibu, si kutoka mlangoni, ila kutoka chumba cha nyuma. "Bado sijatoka. Natafuta kandambili."

Mkono wangu ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani. Uliendelea kukaa hapo. Nilitazama sindano, nikaona imetulia, na nikashukuru kwamba kuna kitu kimoja chumbani kimetulia. Binti akatoka akiwa ameshika kandambili moja. Alinitazama, akautazama mlango, ambao pazia lake lilikuwa limening'inia wima bila upepo.

"Umesema kielezi gani?" akauliza.

"Quickly."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayeweka tiki, akarudi ndani kutafuta ya pili.

Sikutoka kuangalia. Watu wengine wangetoka, wangeshika panga, wangeuliza nani. Mimi nilishona upindo wa gauni la sare lililokuwa mkononi mpaka ukafunga mahali pa kupitishia kichwa. Mteja akaja kulichukua kesho yake, akaniuliza hili ni la mtoto au ni la mto wa kulalia.

Lile la kwenye majani lilirudi. Halikuja kila siku, na halikupata kuja usiku. Lilikuja wakati uleule, jua likiwa ukutani, wapika chapati wakiwa wanawasha majiko mtaani, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Hatua za haraka, kisha kusimama, kisha kanga. Mara ya kwanza lilisimama chini ya mkungu. Mara iliyofuata lilipita mkungu, likasimama karibu na pipa la maji. Halikurudi nyuma hata siku moja. Ndilo jambo lililonisumbua kuliko yote: tulisikia likija, hatukulisikia likiondoka.

Jioni tukila ugali na migebuka, nikamuuliza binti, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama kuna watoto wa mtaani wanatuchezea.

"Hakuna mtoto anayekanyaga majani yale, Mjomba. Wanaogopa."

"Wewe ulianza kusikia lini?"

Alichambua mwiba wa samaki kwa utulivu. "Kabla ya mchezo."

"Kabla?"

"Ningekwambia nasikia mama akija, ungesema nimelala vibaya. Ungeniitia mtu wa kunisomea. Nikataka uyasikie mwenyewe bila kuambiwa." Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Na wewe ndiye uliyesema ni yeye. Mimi sikusema."

Hivyo nikajua nimefundishwa somo huku nikidhani ninafundisha. Nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Wakati huohuo ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Baba yetu mkubwa anaishi Mwandiga, ana shamba, ana ndevu nyeupe, na ana kawaida ya kuingia nyumba ya mtu huku akiendelea na mazungumzo aliyoyaanza njiani. Alhamisi moja akashuka na ufagio mpya wa chelewa kwapani. Nilijua papo hapo. Mtu hatoki Mwandiga na ufagio kwa sababu Ujiji hakuna fagio.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Bado umekaa. Nilikuacha umekaa Idi." Akaketi, akauweka ufagio magotini. "Kesho baada ya Ijumaa tunamsomea dada yako hitima. Msikitini nimeshasema. Watu wananiuliza, mzee, huyu binti yenu mmemweka fungu gani? Kwa walio hai au kwa wengine? Nawajibu nini? Na mlango huu ufagiwe leo. Watu hawawezi kuja kusoma dua wakipita jaani."

Binti alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha nyuma. "Babu, hajafika bado. Mlango haufagiwi."

"Mjukuu wangu," akasema, na sauti yake ilishuka, kwa sababu mzee huyu akikuonea huruma kweli huacha utani. "Mama yako namjua tangu anabebwa. Angekuwa hai angetupigia hata kututukana. Na aliyekufa asiyesomewa anakaa nje ya mlango, hajui aingie au aende. Hilo ndilo unalomtakia?"

Binti aliinua kidevu. Nilielewa kwamba kwa wengine yale yalikuwa majani, na kwake yalikuwa kitu cha mwisho ambacho bado hakijasema hapana. Wakifagia, mama yake amekufa. Haingehitaji maiti wala cheti, ufagio ungetosha.

"Babu ukae kidogo," akasema. "Tunacheza mchezo wa Kiingereza wakati huu. Ukae usikilize. Ukimaliza kusikiliza, mimi mwenyewe nitakuletea maji ya kunyunyiza, tufagie."

"Kiingereza na mimi wapi na wapi?"

"Unaweza kusema kwa Kiswahili."

Mzee akanitazama. "Huyu mtoto umemlisha nini?"

"Vielezi," nikasema.

Tukakaa. Binti alijiketisha kwenye mkeka, katikati yetu, mikono mapajani, ili kila mtu aone alipo. Cherehani ilikuwa kimya. Jua likashuka kidogo ukutani, likafika kwenye kalenda, kwenye lile ziwa langu la karatasi. Mzee alianza kunieleza habari za mihogo yake iliyoingiwa na ugonjwa, shina linaonekana zima, ukichimba ndani imeoza, na alikuwa amefika kwenye kuchimba pale majani ya barabarani yalipolia.

Fupi fupi. Haraka haraka.

Mzee akaendelea na neno moja zaidi, akanyamaza.

Zikapita mkungu. Zikapita pipa. Sikupata kuzisikia zikifika karibu hivyo. Zilisimama, kwa kukadiria kwangu, pale ambapo mgeni husimama akivua viatu. Kisha nguo ikakung'utwa.

"Anafunga kanga," mzee akasema, taratibu, kama mtu aliyeulizwa.

Hakuna aliyemuuliza. Nilingoja hodi. Kwetu mtu hakaribishwi kabla ya kupiga hodi, hasa jua likielekea kuzama. Ukimkaribisha asiyebisha hujui umemfungulia nani. Sisi watu wazima wawili tulingoja hodi kwa midomo iliyofungwa, na hodi haikuja, na hatua hazikuondoka. Pazia la mlangoni lilikuwa wima. Chini yake, kwenye ule upenyo wa mwanga, hapakuwa na miguu. Niliangalia. Ni ushujaa pekee ninaoweza kujidai nao katika kisa hiki, na niliufanya nikiwa nimekaa.

"Karibu, Mama," binti akasema.

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama anavyosema mtu aliye jikoni, mikono ina unga, anamwitikia mtu wa nyumbani. Akainuka, akaenda, akafungua pazia.

Nje kulikuwa na njia, majani, mkungu, na mama wa mihogo kule mtaroni akifunga biashara yake. Binti alisimama hapo kwa muda. Kisha akasogea upande mmoja wa mlango, akaugusa ukuta kwa mgongo, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo kichwani. Nilihisi ubaridi ukipita kwenye vifundo vya miguu yangu, wa chini, wa sakafuni. Inawezekana ni upepo wa ziwa. Pazia alikuwa amelifungua.

Aligeuka akamtazama mzee. "Amefika," akasema.

Akanyoosha mkono. Mzee aliuangalia ufagio magotini kwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuweka hapo. "Jua linazama, mama," akamwambia, na alimwita mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Saa hizi hakufagiwi. Asubuhi."

Asubuhi binti alinyunyiza maji, akafagia mwenyewe kuanzia kizingitini kwenda barabarani, akiinama, hatukuruhusiwa kumsaidia. Hakulia mpaka alipofika chini ya mkungu. Hapo alikaa chini, na mama wa mihogo akaacha meza yake, akakatisha njia iliyokuwa tupu, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, akaketi naye. Baada ya Ijumaa watu walikuja. Walipita njia safi, wakavua viatu, wakasoma. Mzee alisoma kwa sauti kubwa kuliko wote, na kila mara macho yake yalikwenda kwenye kona karibu na cherehani, mahali ambapo dada yangu alikuwa akipenda kutua mabeseni.

Wiki iliyofuata daftari la Kiingereza lilikuwa mezani kwangu, limefunguliwa, nafikiri kwa makusudi. Ile sentensi ya Kongo ilikuwa imekatwa kwa rula. Chini yake aliandika nyingine, kwamba mama yake alitembea haraka mpaka mlangoni kwetu Alhamisi. Namna, mahali, wakati. Mwalimu alikuwa ameweka tiki nyekundu, na hakuwa na la kuuliza.

Sasa tunafagia kila siku. Mtaa umeniacha, sina nyoka tena. Tabu ni kwamba watu wanafika mlangoni bila mlio, nasikia hodi ghafla mgongoni na sindano inanichoma kidole, kwa hiyo nguo za mtaa huu zina damu yangu kidogo na wateja wanadhani ni rangi ya pindo. Binti anasema nigeuze cherehani nitazame mlango. Nimemwambia kabati halihamishwi.

Nyuma ya pipa la maji kuna majani machache ambayo hayajafagiwa, kiasi cha hatua mbili tatu za mtu anayetembea haraka. Binti akiuliza nasema mgongo unaniuma, siwezi kuinama mpaka kule. Anafagia pembeni yake, anayaacha, anaingia ndani.